Kuchanganya na Kuvuruga

Mwanadamu hula kila siku, lakini si kila siku hufikiri juu ya kile anachokula. Chakula kikiwa cha mazoea, mkono huenda kinywani wenyewe na akili hubaki mahali pengine. Kikija kitu kisichozoeleka, mlaji husita na kuuliza: Hiki ni nini? Kimetoka wapi? Kimefanywaje? Maswali haya ni madogo kwa sura, lakini ndani yake mna jambo kubwa la maadili. Jumamosi moja nilipata wasaa wa kuyafikiri, maana nilikaa mezani tangu saa saba mchana hata saa kumi katika mgahawa mmoja wa Dar es Salaam ambao hupika kwa kuchanganya mapishi ya nchi mbalimbali za Asia. Nilikwenda kula, nikarudi na swali. Je, kuchanganya vitu vyenye asili mbalimbali ni kuvitajirisha au ni kuviharibu?

Wahenga wametuachia methali mbili ambazo, zikikalishwa pamoja, hazielekei kupatana. Ya kwanza husema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili husema: Mwacha asili ni mtumwa. Mwenye kuishika ya kwanza atafungua mlango kwa kila kigeni, kiwe neno, vazi au kiungo cha mchuzi, kwa imani kwamba kila kiingiacho huja na nafuu yake. Mwenye kuishika ya pili atasimama mlangoni na rungu mkononi. Kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha Kiswahili, mimi nimekuwa mlinzi wa mlangoni kwa miaka mingi, na rungu langu limekuwa kalamu nyekundu. Sikupata kujiuliza kama mlango ule unalindwa kwa haki.

Mgeni wangu siku ile alikuwa shangazi yangu, aliyevuka kutoka Unguja kuja kutibiwa macho. Alizaliwa Paje, upande wa kusini wa kisiwa, akaolewa mjini, na kwa miaka mingi aliuza urojo kila jioni mbele ya nyumba yake. Fedha ya urojo ndiyo iliyoninunulia madaftari na sare ya shule, na ndiyo iliyonilipia nauli ya kwanza ya kuvuka bahari kwenda kusoma. Deni la namna hii halilipiki, lakini mdeni hapendi kukaa bure. Nikaona nimpeleke mahali pazuri, tule polepole, tuzungumze. Nilichukua na mkoba wenye insha za wanafunzi, kwa kuwa nilidhani karamu yetu itakwisha mapema, nami nipate kusahihisha kabla ya magharibi.

Mgahawa ule upo katika Rasi ya Msasani, karibu na bahari. Upepo ulikuwa mwema. Msichana mhudumu alituamkia kwa heshima, akatupa orodha ya vyakula. Shangazi aliuliza kwanza kama nyama yao ni halali na kama upo uwezekano wa kutoletewa kitu kibichi. Alipojibiwa vema, alinikabidhi orodha akasema, "Chagua wewe, mwanangu. Mimi nitaonja, nitakuambia."

Vilikuja vyakula vitatu, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kwa mwendo wake. Cha kwanza kilikuwa kamba waliovikwa unga mwepesi wakakaangwa, kwa namna ambayo Wajapani huiita tempura, wakaletwa pamoja na achari ya embe. Cha pili kilikuwa bakuli la tambi za mchele katika mchuzi wa nazi, wenye ukwaju, pilipili na vipande vya embe bichi. Cha tatu kilikuwa wali wa biriani uliofungwa ndani ya mwani mweusi, ukakatwa vipande vya duara, ukamiminiwa jibini iliyoyeyuka na mchuzi mtamu.

Shangazi aliwala kamba kwa kuridhika, bila ya kusema mengi. Alipofika kwenye bakuli la tambi, alionja, akatua kijiko, akaonja tena. "Huyu amechanganya," akasema. "Namsikia nazi, namsikia ukwaju, namsikia embe. Kila mmoja yupo, na hapana anayemziba mwenziwe." Kisha akakigeukia kile cha tatu. Alitafuna kwa muda mrefu, kwa adabu, hata akameza. "Hiki wamekivuruga," akasema. "Sisikii kitu."

Maneno hayo mawili yalinishughulisha kwa saa zote zilizobaki. Kuchanganya na kuvuruga si maneno mageni kwangu. Nimeyaandika mara nyingi pembezoni mwa karatasi za wanafunzi, na mara nyingi nimeyatumia kana kwamba ni neno moja. Hata lugha yenyewe ina wasiwasi kidogo na kuchanganya, kwani mtu aliyepotewa na fikira twasema amechanganyikiwa. Lakini mwanamke ambaye riziki yake ilitokana na kuchanganya alikuwa ameyatenga maneno hayo kwa vijiko viwili. Niliona aibu kidogo. Nikaanza kufikiri upya.

Jambo la kwanza nililolifikiri ni hili: kwamba chakula safi, kisichochanganyika na cha mtu mwingine, hakipo, na yamkini hakijapata kuwapo mahali popote penye bandari au njia ya misafara. Tuchukue pilipili kali, ile nyekundu. Nani leo anaweza kufikiri juu ya mchuzi wa Kihindi, au wa Siam ya zamani ambayo sasa ni Thailand, bila ya pilipili? Hata hivyo mmea ule asili yake ni bara la Amerika. Kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492 hapakuwa na mpishi wa Asia aliyeuonja. Mwaka 1498 Vasco da Gama alifika Malindi, akapata rubani aliyemwongoza hadi Calicut katika pwani ya Malabar, na katika karne iliyofuata merikebu za Wareno zilieneza pilipili ile katika bandari za Bahari ya Hindi na kuendelea mpaka mashariki ya mbali. Basi ukali ambao leo twauita wa Kiasia ulikuwa mgeni, na sehemu ya njia iliyoufungulia mlango ilipita hapa kwetu pwani.

Wala wale kamba wa kwanza hawakuwa na asili nyepesi. Wareno walifika Japani mwaka 1543, na wataalamu wengi wanaamini kwamba namna ile ya kukaanga kwa kuvika unga, pamoja na jina lake, ilitokana nao. Watawala wa Japani waliwafukuza Wareno mwaka 1639, lakini kikaango hakikufukuzwa. Leo mtu akimwambia Mjapani kuwa tempura si chakula chake, atakuwa amemtukana bila sababu.

Na urojo je? Ule uji mwembamba wa rangi ya manjano, wenye uchachu wa embe na ndimu, humiminwa juu ya viazi, bajia za dengu, kachori na chipsi za muhogo, ukatiwa chatne ya nazi. Bajia na kachori zina asili ya Bara Hindi. Viazi na muhogo vina asili ya Amerika ya Kusini. Nazi na embe ni za pwani yetu, ingawa embe nalo lilivuka bahari zamani. Bakuli moja la urojo lina safari nyingi kuliko mlaji wake. Kama kuchanganya ni kosa, basi mimi nilisomeshwa kwa kosa lililorudiwa kila jioni, na watoto wa Unguja wote ni mashahidi wake.

Hata majina ya vitu vilivyokuwa mbele yetu yalikuwa yameketi pamoja bila ya kugombana. Meza ina jina la Kireno, sahani jina la Kiarabu, na chai jina lililotoka Uchina. Pilipili manga twaiita hivyo kwa kuwa ilitufikia kupitia Manga, yaani Arabuni, ingawa ilipandwa Malabar. Kiunguja chenyewe, kilichochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, kilikuwa lugha ya bandari, na lugha ya bandari haikosi harufu ya majahazi.

Basi mlinzi wa mlangoni amekwisha kushindwa? Wapo wanaofikiri hivyo. Husema: Maadamu kila kitu kimechanganyika tangu kale, hapana mchanganyiko unaoweza kulaumiwa, na mtu akiweka jibini juu ya biriani ndani ya mwani ni hiari yake. Hoja hii ina sura ya uhuru, lakini ni uvivu uliovaa kanzu ya uhuru. Kutoka katika neno kwamba watu wote huzungumza haifuati kwamba kila usemi ni wa kweli. Kadhalika, kutoka katika neno kwamba vyakula vyote vimechanganyika haifuati kwamba kila mchanganyiko ni mwema. Kimoja katika vyakula vyetu vitatu kilikuwa kibaya, na ubaya wake haukuwa wa mazoea tu. Mimi, ambaye nimekula vyakula vya namna hiyo mara nyingi, sikuona ladha yake zaidi ya shangazi ambaye hakupata kukiona kabla ya siku ile.

Nikamuuliza alikuwa anapimaje. Hakunijibu kwa kanuni, alinijibu kwa mseto. Kila mtu wa pwani anaujua mseto, mchele na choroko zilizopikwa na kupondwa pamoja. Katika siku zetu neno hilo limepanda cheo, hata serikali ya vyama viwili huitwa serikali ya mseto. "Ukitaka mseto," alisema, "huwezi kuvitia chunguni wakati mmoja. Choroko hutangulia, mchele hufuata. Ukivitia pamoja, mchele utakuwa gundi na choroko bado zi mawe. Kila kimoja kina wakati wake. Asiyejua wakati wa kila kimoja, huyo atavuruga tu."

Naona katika maneno haya mna kipimo ambacho nilikikosa katika vitabu vingi. Kuchanganya ni kazi ya mtu ajuaye kila kitu kimoja kimoja kabla ya kukutanisha viwili. Anajua moto ambao kila kimoja hutaka, maji ambayo hunywa, na mahali ambapo huharibika. Katika mseto mchele na choroko hupondwa hata umbo la kila kimoja likapotea, na bado hapana kilichodhulumiwa, kwa sababu kila kimoja kilipewa haki yake kabla ya kutakiwa kukubali kuungana. Kuvuruga ni kukutanisha vitu ambavyo hujui hata kimoja, au wajua kimoja na hukijali cha pili. Maji ya kisima yakivurugwa hayapati kitu kipya. Tope lililokuwa chini hupanda juu, na anayechungulia haoni tena kina chake. Basi tofauti haiko katika idadi ya vitu wala katika umbali wa asili zake. Iko katika ujuzi wa mkono unaovikutanisha.

Lakini ujuzi peke yake hautoshi, maana mwizi hodari naye ni mjuzi. Lazima tuulize pia juu ya deni. Mtindo huu wa kuchanganya mapishi ya Asia na ya nchi nyingine ulipata sifa kubwa katika mikahawa ya Marekani katika miaka ya 1980. Wolfgang Puck, mzaliwa wa Austria, alifungua mkahawa wa Chinois on Main katika mji wa Santa Monica mwaka 1983, akichanganya mapishi ya Kichina na ya Kifaransa. Nobu Matsuhisa, Mjapani, alifungua mkahawa wake Beverly Hills mwaka 1987. Mtu akisoma habari hizi haraka atadhani kwamba wazo lilizaliwa katika miji ya matajiri. Lakini Matsuhisa alikuwa amekwenda Lima, mji mkuu wa Peru, mwaka 1973, na huko ndiko alikojifunza kumtayarisha samaki wa Kijapani kwa ndimu na pilipili za Waperu. Na Lima ilikuwa imeanza kuchanganya zamani, si kwa ajili ya anasa.

Kati ya mwaka 1849 na 1874 Wachina wapatao 100,000 walipelekwa Peru kwa mikataba ya kazi ambayo haikuwa mbali na utumwa. Walifanya kazi katika mashamba ya miwa na pamba, na katika visiwa vya kuchimba samadi ya ndege. Mwaka 1899 ilifuata merikebu ya Sakura Maru ikiwa na Wajapani 790. Watu hawa hawakukuta huko vyote walivyovizoea jikoni kwao. Walichukua nyama, vitunguu, nyanya na viazi vya nchi ile, wakavipika kwa moto mkali wa kwao na mchuzi wa soya. Hivyo ndivyo kilivyopatikana chakula kiitwacho lomo saltado, ambacho leo Waperu wote hukiita chao, na kwa haki. Huku kwetu, baina ya mwaka 1896 na 1901, watu wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli kutoka Mombasa kwenda Ziwa Viktoria, na kiasi cha 2,500 kati yao walikufa kazini. Chapati, ambayo leo ni chakula cha sikukuu katika nyumba nyingi za bara, imepita katika mikono ya watu kama hao.

Yafaa tulitazame jambo hili kwa makini. Waliochanganya kwanza, aghalabu walichanganya kwa kukosa. Walikijua vizuri kile walichokikosa, na ladha waliyoitafuta ilikuwa ladha ya nyumbani. Sisi tuliokaa penye upepo wa bahari siku ile tulichanganyiwa kwa sababu ya wingi. Je, mwenye wingi anadaiwa kitu na mwenye kukosa?

Mtu atasema: Chakula si shamba. Nikijifunza pishi lako, wewe hulipotezi, bado utalipika kesho. Hoja hii ni ya kweli, na ndiyo sababu siwezi kukubaliana na wale wanaotaka kila pishi liwekewe ua na bawabu. Elimu ya kupika huongezeka kwa kugawiwa. Lakini yako mambo mawili ambayo mtu anaweza kuyapoteza hata kama pishi lake limebaki kwake. La kwanza ni jina, na la pili ni fungu katika faida. Kumla mtu chakula chake na kulificha jina lake ni namna ya kumfuta. Kumtajirisha mtu mwingine kwa chakula chake, naye akabaki kuambiwa kwamba chake ni cha mtaani, kichafu na cha bei ya chini, ni namna ya kumdhulumu. Bakuli lile la tambi lilikuwa ndugu wa karibu wa urojo. Bei yake ingalinunua bakuli ishirini za shangazi. Hati ya malipo ilipoletwa niliiweka chini ya sahani asiione, na mpaka leo sijui kama nilimficha kwa heshima au kwa haya.

Ule mwani nao ulitoa fundisho lake. Shangazi aliufunua kwa ncha ya uma akacheka. "Sisi kwetu tunaulima," akasema, "lakini hatujaambiwa kama ni chakula." Tangu miaka ya mwisho ya 1980 wanawake wa pwani ya mashariki ya Unguja, Paje ikiwamo, wamekuwa wakipanda mwani katika maji ya kina kifupi, kwa kuufunga katika kamba zilizotandazwa baina ya vijiti. Ni kweli kwamba mwani wao ni wa jamii nyingine, si huu wa kufungia wali. Wao huuanika na kuuza, ukapelekwa ng'ambo, na ute wake hutumika kugandishia vyakula na hata dawa ya meno. Kwa hiyo mwanamke aliyesimama majini tangu alfajiri yumo katika vyakula vya mbali ambavyo hataviona, na hapana orodha inayomtaja. Sisemi kwamba mlaji awajibike kuijua kila jasho iliyomo katika sahani yake, kwani hapo angekufa kwa njaa akiuliza. Nasema tu kwamba mwenye nafasi ya kukaa saa tatu mezani hawezi kudai kuwa hakupata nafasi ya kuuliza.

Hapa ndipo nilipoona maana ya ule utulivu wenyewe. Mchana wa mapumziko, ukaliwa polepole, si anasa tupu. Mtu anayekula kwa haraka hushiba tu. Hawezi kumsikia ukwaju wala nazi, na kwake kilichochanganywa na kilichovurugwa ni sawa, maana vyote viwili hujaza tumbo. Utulivu ndio unaomwezesha mtu kupambanua, na bila ya kupambanua hapana shukrani, kwa kuwa huwezi kumshukuru usiyemtambua. Kwa upande huu wakati wetu wa siku ile ulikuwa na thamani.

Lakini wakati wetu ulitegemea wakati wa mwingine. Yule msichana aliyetuhudumia alikuwa amesimama tangu saa tatu asubuhi. Shangazi aliligundua kabla yangu. Alimwambia, "Kaa kidogo, mwanangu, hapa hapana wageni wengi." Msichana alicheka, akasema kuwa hairuhusiwi. Basi shangazi akaanza kukusanya sahani zetu mwenyewe, akazipanga moja juu ya moja, za mifupa mbali na zilizo safi, kama mtu aliyepata kuosha vyombo vya watu wengi. Nilitaka kumzuia kwa kuona kuwa si desturi ya mahali pale, nikanyamaza. Tulipoondoka niliacha bakhshishi nzuri, lakini nilijua kwamba bakhshishi ni sadaka na mshahara ni haki, na kwamba ya kwanza haifuti ya pili. Mapumziko yanayomsahau anayeyahudumia yana kasoro ile ile ya biriani katika jibini: kimoja kimezibwa ili kingine kiwe juu.

Niliporudi nyumbani jioni nilifungua mkoba wangu. Insha ya tatu kutoka juu ilikuwa imekwisha kusahihishwa tangu Ijumaa. Mwandishi wake, mwanafunzi wa mwaka wa pili, alieleza habari za mavuno kijijini kwao, na mara tatu alikuwa ametumia neno la lugha ya mama yake mahali pa neno la Kiswahili. Kwa wino mwekundu nilikuwa nimeandika pembeni: Umevuruga lugha. Alama nilizompa hazikumtosha kufaulu.

Niliisoma tena, polepole safari hii, kama tulivyokula. Nikaona kwamba mwanafunzi yule alianza kwa neno letu la ghala, akalieleza, kisha akasema kuwa kwao kuna nyumba mbili za nafaka, moja ya mbegu na moja ya chakula, na kwamba mwenye kuzichanganya hizo mbili huhesabiwa kuwa amewala watoto wake wa mwaka ujao. Kiswahili changu sanifu kilikuwa na neno moja kwa nyumba hizo mbili. Naye hakulitupa, alilipa heshima yake, akalikalisha pamoja na yale ya mama yake, kila moja kwa wakati wake. Mimi niliyemhukumu kuwa amevuruga ndiye niliyesoma kwa haraka nisisikie kitu. Shangazi mwenyewe, akizungumza na wazee wa kwao Paje, hutumia maneno ya kusini ambayo hayamo katika vitabu ninavyofundishia, na sijapata kumwambia kuwa anavuruga.

Chini ya insha hiyo ilikuwako nyingine, iliyojaa Kiingereza katika kila sentensi mahali ambapo maneno ya Kiswahili yapo na mwandishi hakujisumbua kuyatafuta. Hiyo niliisoma pia kwa utulivu, na alama zake zikabaki kama zilivyokuwa. Yule wa kwanza nilimwita ofisini Jumatatu. Nilifuta alama za zamani mbele yake, nikaandika mpya, nikamweleza kosa langu. Alishangaa zaidi kuliko alivyofurahi. Sikumlaumu, kwa kuwa wanafunzi hawakuzoea kuona kalamu nyekundu ikijisahihisha yenyewe.

Basi nadhani zile methali mbili zaweza kukaa nyumba moja. Mgeni aje, na mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hawezi kuponywa na mgeni ambaye hakumuuliza jina, wala mgeni hawezi kumponya mwenyeji ambaye hajijui mwenyewe. Kuacha asili si kuweka ukwaju katika tambi wala neno la kijijini katika insha. Mwenye kuacha asili ni yule anayekutanisha vitu bila ya kujua hata kimoja kilikotoka, asimtaje wala kumlipa aliyemletea.

Siku ya kuvuka kurudi Unguja nilimsindikiza shangazi bandarini. Nilimwuliza kama angependa turudi tena katika mgahawa ule akija mara nyingine kwa ajili ya macho yake. Alifikiri. "Tutarudi," akasema, "kwa zile tambi. Lakini wewe kwanza uje kwangu, nikupikie mseto, na safari hii utasimama jikoni uone choroko zinatiwa lini."